Nyuki wa Tabora wanauawa na GMO au na bomba la dawa? Karibuni tujadili

Mzinga wa Gome (Sikonge)

Wakuu, habari za saa hizi.

Tangu msimu uanze, kila nikikaa na warinaji wenzangu neno ni hilo hilo: nyuki wanakufa kwa sababu ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni. Mmoja katumiwa video kwenye WhatsApp, mwingine kaambiwa na mwanawe aliyeko Dar. Mimi narina asali, na nalima mahindi na karanga, kwa hiyo suala hili linanigusa pande zote mbili. Nimeleta uzi huu kwa sababu naona tunamsaka adui ambaye hayupo, na aliyepo tunapishana naye kila siku njiani akiwa na bomba mgongoni.

Tuanze na GMO.

Mpaka leo hakuna mkulima wa Tanzania anayelima zao la GMO kibiashara kwa ruhusa ya serikali. Kilichokuwepo ni jaribio la mahindi ya kustahimili ukame pale Makutupora, Dodoma, lililoanza 2016 ndani ya uzio. Novemba 2018 wizara ikaagiza majaribio yasimame. Januari 2021 Profesa Adolf Mkenda, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wakati huo, akatangaza tena katazo. Nyuki wetu kwa kawaida anatafuta chakula kilomita mbili tatu kutoka mzingani, na akibanwa na njaa anaweza kufika hata kumi. Kutoka Sikonge mpaka Dodoma ni wapi na wapi?

Wengi wanaposema GMO wanamaanisha mbegu ya chotara ya dukani, ile yenye rangi nyekundu au kijani. Chotara ni mahindi kwa mahindi, wamepandanisha mistari miwili mitatu ya mbegu, basi. Hiyo rangi ni ishara kwamba mbegu imepakwa dawa, mara nyingi ya ukungu, na nyingine zina dawa ya wadudu ndani yake. Kwa hiyo mtu anayeitazama ile rangi kwa wasiwasi ana haki ya kuwa na wasiwasi, ila jina la kitu anachokiogopa ni lingine.

Sasa tuseme kesho GMO ikaruhusiwa. Itaua nyuki? Aina inayosemwa sana ni Bt, yaani zao lililowekewa jeni la bakteria wa udongoni anayeitwa Bacillus thuringiensis, ili mmea utengeneze protini inayoua viwavi. Protini za aina hiyo zinafanya kazi kwenye utumbo wa kiwavi wa nondo na vipepeo. Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 25 ya maabara, na haukuona madhara kwa majana (watoto wa nyuki) wala kwa nyuki wazima. Kwa mfuga nyuki kuna ushahidi wa karibu zaidi: huko Ulaya na Marekani wenzetu wananyunyizia bakteria huyo huyo kwenye masega ya akiba ili kuua nondo wa nta. Nondo anakufa, nyuki wanarudishiwa masega yao na wanaendelea na kazi.

Kwa hiyo kama mizinga yako imekufa ghafla, Bt ndiyo ya mwisho kuishuku.

Halafu tuje kwenye dawa. Hapa naomba msome taratibu.

Kuna kundi la dawa linaloitwa neonikotinoidi. Wanaolima tumbaku wanaijua imidacloprid, inayotumika sana dhidi ya vidukari. Ndugu zake ni thiamethoxam na clothianidin. Dawa hizi haziishii juu ya jani kama zile za zamani. Mmea unazinywa, zinapanda na maji mpaka kwenye ua, zinaingia kwenye nekta na chavua. Ukali wake ni wa kutisha: nyuki akila takriban sehemu nne za bilioni za gramu ya imidacloprid, yuko kwenye kipimo kinachoua nusu ya nyuki waliokilishwa. Pigeni hesabu wenyewe, gramu moja inatosha dozi kama hizo milioni 250. Gramu moja ni kitu kidogo sana.

Na kabla ya kufa kuna kupotea. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa waliwabandika nyuki vifaa vidogo vya kuwatambua, wakawalisha kiasi kidogo cha thiamethoxam kisichoua, kisha wakawaachia mbali na mzinga. Wengi zaidi hawakurudi wakilinganishwa na wenzao ambao hawakulishwa. Mzinga unaopoteza wachumaji namna hiyo unakonda polepole. Mwenyewe unabaki unasema mwaka huu nyuki wavivu.

Ufaransa waliizuia imidacloprid kwenye mbegu za alizeti tangu 1999, baada ya wafuga nyuki kulalamika sana. Ujerumani, majira ya kuchipua ya 2008, kwenye bonde la mto Rhine, mbegu za mahindi zilizopakwa clothianidin vibaya zilitoa vumbi kwenye mashine za kupandia. Vumbi likatua kwenye maua ya jirani, na makundi zaidi ya 11,000 ya nyuki yakaathirika. Umoja wa Ulaya ukaweka vizuizi 2013, na 2018 ukapiga marufuku hizo tatu zisitumike nje ya mabanda ya kuoteshea. Yote hayo ni dawa. GMO haimo.

Kwetu kuna za zamani pia: cypermethrin na lambda-cyhalothrin kwenye pamba na mboga, chlorpyrifos, profenofos. Na tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini 2017, shamba la mahindi ambalo zamani halikuwahi kuona dawa sasa linapigwa mara kwa mara mpaka mavuno. Badiliko hilo ndilo ninaloliona kwa macho huku kwetu, na nasikitika kwamba kwenye vikao vyetu halitajwi.

Karibuni. Mwenye ushahidi tofauti aulete.

---

Binti Igalula

Shikamoo mzee. Uzi mzuri. Swali langu: mzinga ukiwa mtupu nitajuaje kama ni sumu au nyuki wamehama tu? Kikundi chetu cha akina mama tuna mizinga ya masanduku, na mwaka huu kadhaa imebaki mitupu. Kila mtu ana sababu yake.

---

Mzinga wa Gome (Sikonge)

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza kabla ya kulaumu chochote.

Nyuki wetu wa Kiafrika ni mwepesi kuhama. Njaa, jua kali, siafu, nyegere, mzinga kuvuja, moshi mwingi wakati wa kurina, au umewakombea asali yote, anaondoka. Akihama, mzinga unakuwa safi. Hakuna maiti. Masega hayana asali wala majana kwa sababu wamekula akiba na kungoja watoto watoke, isipokuwa wamefukuzwa ghafla. Ukikuta utando na funza kwenye masega, hao ni nondo wa nta waliokuja baada ya kundi kudhoofika au kuondoka, wasikudanganye kuwa ndio chanzo.

Sumu ina sura nyingine. Unafika manzuki, pale ilipo mizinga yako, asubuhi, chini ya mzinga kuna zulia la nyuki. Chuchumaa uwatazame mmoja mmoja. Wengi wametoa ulimi nje, mabawa yamepanuka, hayakukunjwa mgongoni. Walio hai wanatetemeka, wanazunguka kwa upande mmoja, wakijaribu kuruka wanabiringika. Wengine miguuni bado wana vifurushi vya chavua, maana yake walitoka shambani na kufia mlangoni. Walinzi wanapigana na wachumaji wao wenyewe kwa kuwa harufu imebadilika. Ukifungua ndani unakuta asali ipo, majana yapo, wa kuyatunza hakuna. Kundi lenye asali haliiachi bila sababu, na likiiacha huku nje pana maiti, uliza nani kapuliza jana.

Igalula nyie mna aina gani ya mashamba jirani?

---

Binti Igalula

Tumbaku, mahindi na alizeti kidogo. Maiti hatukuona, mzee. Masega yalikuwa matupu kabisa.

---

Mzinga wa Gome (Sikonge)

Basi inaelekea wamehama. Angalia maji na kivuli kwanza, na uliza kama waliorina waliwaachia chakula.

---

Mkulima Kaliua

Mimi nalima tumbaku na nitasema upande wangu, maana naona kila uzi wa nyuki lazima mkulima wa tumbaku awe mshtakiwa.

Kwanza, tumbaku tunakata maua. Ua likitokea linakatwa ili nguvu ziende kwenye jani. Nyuki anafuata nini kwenye shamba lisilo na maua? Pili, pembejeo zinakuja kwa mkataba kupitia AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika, dawa imo kwenye kifurushi, na nikiacha kuitumia vidukari wananishushia daraja. Kwenye soko hakuna anayeniuliza habari za nyuki, wananiuliza jani. Tatu, kila mara tunaambiwa tupulize jioni. Jioni ndiyo muda wa kukusanya ng'ombe, upepo wa mvua unakuja, na giza likiingia shambani kuna nyoka. Wanaotoa ushauri wengi hawajawahi kubeba bomba la lita 16.

---

Mzinga wa Gome (Sikonge)

Mkuu, hoja zako nazichukua kwa uzito, na sikukuita mshtakiwa.

La maua uko sahihi kwa sehemu kubwa, na nafurahi umelitaja, maana wengi hawalijui. Tumbaku iliyokatwa maua kwa wakati si hatari kama alizeti au pamba. Tatizo liko pembeni mwa tumbaku. Moja, shamba lililochelewa kukatwa likachanua, nyuki wanalifuata. Mbili, magugu yanayochanua katikati ya mistari na kwenye mitaro, dawa inatua juu yake. Tatu, na hili ndilo kubwa, ni mahali unapooshea bomba. Kiangazi kikikaza, nyuki wanakunywa kwenye madimbwi ya kisima na kwenye tope la mtoni. Ukisuuza bomba hapo, umewawekea sumu kwenye maji wanayoyapeleka mzingani kupoozea masega. Hata maji ya kuloweka miche kitaluni ni hivyo hivyo. Tupa suuza ndani ya shamba lako lile lile ulilopuliza, mbali na maji. Hapo hakuna gharama wala nyoka.

La mkataba ni kweli tupu, na si la mkulima mmoja kulitatua. Ni la kupeleka kwenye mkutano mkuu wa AMCOS kabla pembejeo hazijaagizwa: tunataka kujua jina la kiambato ndani ya dawa, na kama lebo inasema ni hatari kwa nyuki tuelezwe. Wilaya zetu zinaishi kwa tumbaku na asali kwa pamoja. Haiwezekani pembejeo ya moja ipangwe bila kuitazama nyingine.

---

Bwana Nyuki Mstaafu

Naomba niongeze mambo ya kitaalamu kidogo, maana niliyafanyia kazi maisha yangu yote.

Wakulima wengi wanasoma mkanda wa rangi kwenye chupa. Nyekundu hatari sana, njano hatari, bluu tahadhari, kijani afadhali. Mkanda huo unapima hatari kwa binadamu. Nyuki haumhusu. Spinosad, kwa mfano, iko kwenye daraja la bluu, na ikiwa mbichi juu ya ua inaua nyuki vibaya sana. Ikishakauka hatari inapungua mno. Imidacloprid iko daraja la njano, na kwa nyuki mmeshaambiwa hapo juu ilivyo. Kwa hiyo usiridhike na rangi. Soma maandishi madogo utafute maneno "hatari kwa nyuki" au picha ya nyuki.

Pili, tabia ya kuchanganya. Mtu anamimina dawa ya wadudu na ya ukungu kwenye bomba moja ili apulize mara moja. Kuna dawa za ukungu za kundi la propiconazole na prochloraz ambazo zenyewe hazimuui nyuki kirahisi, lakini zinazuia mwili wake kuivunja sumu nyingine. Ikichanganywa na zile za jamii ya cypermethrin, ukali unapanda mara nyingi. Lebo haikuruhusu kuchanganya, usichanganye.

Tatu, ukishuhudia vifo, fanya haraka. Okota nyuki waliokufa siku hiyo hiyo, wasio na ukungu, ujaze kikombe kizuri, weka kwenye mfuko safi wa karatasi au chombo kisichonuka, igandishe kwenye friza kama ipo. Andika tarehe, mahali, na shamba gani limepulizwa. Piga picha. Mpelekee afisa nyuki wa wilaya na afisa kilimo kwa pamoja, si mmoja. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha, iliundwa kwa sheria ya 2020 na usimamizi wa viuatilifu ndiyo kazi yake. Maiti waliokaa juani wiki nzima hawasaidii maabara kitu, sumu nyingi zinavunjika.

Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002 tunayo. Ushahidi ndio unaokosekana kila mara, kwa sababu mfugaji analia kijiweni, anafagia maiti, na kesho hakuna cha kuonyesha.

---

Kijana wa Nzega

Huku kwetu na Igunga ni pamba. Mzee umesema pamba kwa kupita tu, naomba uifungue. Maana watu wanasema pamba ya Bt ingetuondolea kupuliza, na ikiwa nyuki hawaiogopi Bt kama ulivyoandika, kwa nini tusiitake?

---

Mzinga wa Gome (Sikonge)

Swali la haki hilo.

Pamba ina jambo moja ambalo wengi hawalioni: utamu wake hautoki kwenye ua peke yake. Chini ya jani, kwenye mshipa wa kati, kuna kitundu kinachotoa nekta, na nyuki wanakijua. Kwa hiyo kusubiri ua lifunge haitoshi kama zao zima limelowa dawa.

Pamba ya Bt imepunguza kupuliza mahali pengi, hilo halina ubishi. Kaskazini mwa China watafiti walifuatilia maeneo 36 tangu 1990 mpaka 2010. Dawa zilipopungua, wadudu rafiki wanaokula vidukari waliongezeka, hata kwenye mashamba ya jirani yasiyo ya Bt. Lakini huko huko China wadudu wengine wa kufyonza, ambao Bt haiwagusi, walijazana na wakulima wakarudi kuwapulizia. Kenya wenzetu wameanza kulima pamba ya Bt tangu 2020, kwa hiyo mfano uko karibu, tuutazame kwa macho yetu.

Nyuki kwa Bt sina hofu naye. Hofu yangu ni GMO ya aina ya pili, ile ya kustahimili dawa ya magugu. Hiyo jeni lenyewe halimdhuru nyuki, lakini inamruhusu mkulima apulize shamba zima, zao libaki na kila kingine kife. Uingereza walifanya majaribio makubwa ya mashambani na matokeo yakatolewa 2003. Kwenye biti na rapa (zao la mafuta) za aina hiyo magugu yalipungua, vipepeo wakapungua, na kwenye biti nyuki nao wakawa wachache. Kwenye mahindi ikawa kinyume, kwa kuwa mahindi ya kawaida yalikuwa yanapigwa atrazine, dawa ya magugu iliyo kali zaidi. Kwa nyuki, magugu ni chakula. Ua dogo la njano unalolidharau pembeni mwa karanga ndilo linalomvusha wakati miti haijachanua.

Na tusisubiri GMO ndipo tuizungumze glyphosate, dawa ya magugu. Iko kila duka la pembejeo hapa Tabora, na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kwamba inavuruga bakteria wema walio tumboni mwa nyuki, na nyuki hao wakawa wepesi kufa wakipata maambukizi.

---

Asali Mbichi TBR

Mimi nanunua na kuuza asali, niwape upande wa soko, kwa sababu hapo ndipo GMO inaweza kutuumiza hata kama haiui nyuki hata mmoja.

Ulaya wanunuzi wengi wa asali hawataki kusikia chavua ya GMO ndani. Mfuga nyuki wa Bavaria, Ujerumani, Karl Heinz Bablok, alikuta chavua ya mahindi ya GMO yaitwayo MON 810 kwenye asali yake, imetoka kwenye shamba la majaribio la jirani. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Septemba 2011 mahakama ikasema chavua ni kiungo ndani ya asali, hivyo asali hiyo inahitaji kibali. Mwaka 2014 sheria ikabadilishwa, chavua ikahesabiwa kuwa sehemu ya asali yenyewe, lakini wanunuzi hawakusahau. Mexico, kwenye rasi ya Yucatán, wafuga nyuki wa Kimaya waliosafirisha asali Ulaya walipinga soya ya GMO mpaka Mahakama Kuu ya nchi yao ikasimamisha kibali Novemba 2015, kwa sababu jamii hazikushirikishwa.

Sasa tazameni tulichonacho. Asali ya miombo: mtundu, muyombo, mninga. Nta yetu inasifiwa kwa sababu hatuweki dawa ndani ya mizinga. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanapambana na kupe wa varroa kwa dawa ndani ya mzinga, na masalia yanabaki kwenye nta miaka na miaka. Varroa huku wapo, ila nyuki wetu wanamudu bila dawa. Hiyo ni mali. Na inaharibiwa na bomba la jirani kabla ya GMO yoyote kufika. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa sampuli 198 za asali kutoka mabara yote yenye nyuki: asilimia 75 zilikutwa na angalau neonikotinoidi moja. Siku mnunuzi akipima shehena ya kutoka Tabora na kuikuta, hatauliza kama mrinaji alikuwa mwema.

---

Kibondo Asilia

Wakuu, mimi niko Kigoma. Huku mashamba ya tumbaku yapo na wafugaji nyuki ni wengi. Tatizo letu la kwanza ni msitu. Watu wanakata, wanachoma mkaa, mashamba yanasogea. Zamani mzinga ulitundikwa mbali na kijiji, siku hizi shamba la mtu liko chini ya mti wenye mzinga. Mnazungumza dawa kana kwamba nyuki wamehamia shambani kwa hiari yao.

---

Mzinga wa Gome (Sikonge)

Ndugu yangu wa Kibondo umegusa kidonda. Kuni za kukaushia tumbaku kwenye mabani zimekula miombo, na mti uliokatwa ulikuwa malisho ya nyuki na mahali pa kutundikia mzinga kwa wakati mmoja. Huku kwetu kuna na la hifadhi: Ugalla ilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2019, warinaji waliokuwa wakiingia kwenye pori la akiba kwa msimu walibanwa. Sipingi uhifadhi. Nasema tu kwamba nyuki aliyekuwa akiishi ndani kabisa, asikojua bomba ni nini, mwenye mzinga wake sasa amesogea kwenye kingo za mashamba. Nyuki mwenye msitu wa kutosha ana chaguo. Akikosa, anakula alizeti iliyopulizwa saa nne asubuhi.

---

Mkulima Kaliua

Nimesoma yote. La kuosha bomba nimelipokea. Lakini nipeni kitu kinachotekelezeka kwa siku moja ya kazi, sio hotuba. Napuliza saa ngapi, na jirani yangu mwenye mizinga anafanya nini?

---

Bwana Nyuki Mstaafu

Mkuu, kwa mahindi: dhidi ya viwavijeshi piga mapema mche ukiwa mdogo, elekeza kwenye moyo wa mche, pale majani yanapokunjana, si kumwagia shamba zima. Mbelewele zikitoka, weka bomba chini, nyuki wanakuja kwa chavua na kiwavi aliyeko ndani ya gunzi dawa haimfikii kwa hiyo unapoteza hela. Kwa alizeti, choroko, kunde, matikiti: kikichanua usipulize. Ikibidi kabisa, anza saa kumi na mbili jioni nyuki wanaporudi, upepo ukiwa umetulia. Kupuliza saa sita mchana kunakuumiza na wewe, dawa inapanda puani.

Jirani mwenye mizinga mwambie jana yake. Ujumbe wa simu unatosha. Yeye usiku huo aweke gunia bichi lililolowa mlangoni, aliondoe mapema siku inayofuata. Na hapa warinaji wasikie: mzinga wa gogo au wa gome ukiuziba mchana kutwa kwa jua la Tabora, nyuki watakufa kwa joto na masega yatadondoka. Ni kwa usiku na asubuhi tu, kivulini, na chombo cha maji safi chenye vijiti vya kutua kiwe karibu. Dawa inayonywewa na mmea, kama imidacloprid, gunia halisaidii, itakuwepo uani wiki zinazofuata. Hiyo dawa yake ni kutoitumia kabisa kwenye zao linalochanua.

---

Kijana wa Nzega

Na ndege za kupulizia kwelea kwelea je? Huku kwenye mpunga zinapita.

---

Bwana Nyuki Mstaafu

Fenthion inayotumika kwa kwelea kwelea ni sumu kali kwa nyuki. Hiyo lazima serikali ya kijiji itangaze kabla, na kila mwenye mizinga kwenye eneo hilo aandikwe kwa mtendaji ili apate taarifa. Wengi hamjaandikwa popote, ndiyo maana hampigiwi simu.

---

Binti Igalula

Mzee wa Sikonge, tumekagua leo. Maji yako mbali na mizinga, na waliorina walikomba masega yote. Tumeweka beseni lenye vijiti. Ila jirani wa upande wa alizeti anasema atapuliza wiki hii na imeanza kuchanua. Chupa ameniruhusu niipige picha, imeandikwa thiamethoxam na lambda-cyhalothrin pamoja.

---

Mzinga wa Gome (Sikonge)

Mwanangu, hiyo ni mchanganyiko wa zote mbili tulizozitaja hapa. Nenda leo, usingoje kesho. Muulize anapambana na mdudu gani, aingie nawe shambani akuonyeshe. Alizeti ikishachanua mara nyingi mtu anapuliza kwa mazoea, mdudu hayupo. Kama yupo kweli, mwite bwana shamba waangalie dawa nyingine. Mwambie pia alizeti inajaza punje vizuri zaidi ikitembelewa na nyuki, kwa hiyo akiwaua anajipunguzia magunia yake. Akikataa, nipigie, nitakuja na mwenyekiti wa kikundi chetu tuongee naye kiutu uzima. Picha ya chupa iweke hapa ukifunika jina lake, wengine waijue.

---

Mkulima Kaliua

Mkutano wetu wa AMCOS ni mwezi ujao. Mzinga wa Gome, niandikie hayo ya kiambato na lebo kwa mistari michache niyasome pale. Na mwalike mrinaji mmoja wa Kaliua, maana mkulima akisema peke yake wataona anatafuta sababu ya kutolipa mkopo wa pembejeo.

---

Mzinga wa Gome (Sikonge)

Nakuandikia usiku huu. Mrinaji wa Kaliua ninaye, anajua kusema na ana picha za maiti zenye tarehe.